Joto, Unyevu na Nafaka ya Pombe: Mwongozo wa Kuhifadhi kutoka Tanga hadi Amani

Nafaka ya kupikia pombe huhifadhiwa ikiwa hai, na hapo ndipo inapoachana na nafaka ya chakula. Mahindi yaliyokufa kiini, yaani ile sehemu ya punje inayochipua, bado husagwa na ugali ukapikika. Mtama au ulezi uliokufa kiini hauoti, na usipoota hakuna kimea. Ndani ya kimea ndimo vinamopatikana vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha hamira. Gunia lililokaa kwenye joto huweza kuonekana safi, punje zikiwa ngumu na zenye rangi yake ya kawaida, kumbe uwezo wa kuota umekwisha. Hasara hujitokeza siku ya tatu baada ya kuloweka, nafaka inaponuka uvundo badala ya kuchipua.

Katika Mkoa wa Tanga nafaka zinazohusika ni mahindi, mtama, ulezi na, kwa uchache, uwele. Mahindi na mtama hupatikana zaidi katika nyanda kavu za Handeni na Kilindi, wakati ulezi mara nyingi hununuliwa sokoni ukiwa umetoka mikoa ya bara. Shayiri inayotumiwa na viwanda vya bia hulimwa katika maeneo ya baridi ya kaskazini mwa nchi, na ni nadra kufika jikoni kwa mtu anayepika pombe nyumbani.

Nafaka hizi hazilingani katika kuvumilia joto. Ulezi ni mstahimilivu kuliko zote: punje zake ni ndogo mno kwa fukusi kuzaliana ndani yake, mafuta yake ni machache, na ukikaushwa vizuri hukaa miaka mingi. Mahindi yana mafuta kama asilimia 4 hadi 5, mengi yakiwa ndani ya kiini, na uwele unakaribia kiwango hicho hicho. Mafuta hayo yakipatwa na joto na hewa huharibika na kuacha uchungu ambao haufichiki hata pombe ikiiva. Unga wa uwele unaonyesha jambo hili waziwazi, kwani ukishasagwa huanza kuwa mchungu baada ya siku chache tu. Mtama uko kati ya ulezi na nafaka hizo mbili.

Joto kavu na joto la unyevu

Joto peke yake haliui nafaka upesi. Kinachoua upesi ni joto linaloikuta nafaka ikiwa na maji ndani yake. Viwanda vya kimea cha shayiri hutegemea ukweli huu kila siku. Kimea kibichi hupulizwa hewa ya moto inayopandishwa hatua kwa hatua, na mwishoni hewa hiyo hufikia nyuzijoto 80 za Selsiasi au zaidi. Vimeng'enya vingi husalimika kwa sababu unyevu ulikwisha kuondolewa kabla moto haujapanda. Kimea kile kile kikipata nyuzijoto 80 kikiwa bado kimelowa, vimeng'enya hupotea na kinachobaki ni wanga mtupu.

Kwa nafaka iliyotoka shambani, mpaka unaokubalika katika ukaushaji wa mbegu na nafaka ya kutengenezea kimea ni nyuzijoto 43. Nafaka ya kusaga unga huweza kukaushwa hadi karibu nyuzijoto 60 bila hasara kubwa, lakini haitegemewi tena kuota. Tofauti hiyo ni muhimu sana wakati wa kuanika. Lami ya barabara na sakafu ya saruji nyeusi saa saba mchana huweza kupita nyuzijoto 43 kwa mbali, na mtama uliovunwa juzi ukimwagwa hapo hupoteza uhai siku ile ile. Turubai la rangi hafifu, mkeka au jamvi ndivyo vinavyofaa. Nafaka itandazwe tabaka jembamba la sentimita 3 au 4, igeuzwe mara kwa mara, na siku mbili za kwanza, ikiwa bado mbichi, ihamishiwe kivulini jua linapokuwa la utosi. Ikishakauka, jua kali haliidhuru tena kwa kiasi kile.

Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, aliweka kanuni ya kukadiria inayofaa kushikwa kabla ya nyingine zote: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, umri wake ghalani huongezeka maradufu, na kila joto la ghala linaposhuka kwa nyuzijoto 5, umri huongezeka maradufu tena. Kanuni hii hufanya kazi kwa mbegu zenye unyevu wa asilimia 5 hadi 14. Hesabu yake ina funzo kubwa kwa mpika pombe. Mtama wenye unyevu wa asilimia 11 utaishi mara nane zaidi ya ule wa asilimia 14 katika chumba kimoja. Kuupeleka ule wa asilimia 14 mahali penye ubaridi wa nyuzijoto 5 zaidi kutauongezea umri mara mbili tu. Kukausha kuna faida kubwa kuliko kutafuta ubaridi, na turubai ni rahisi kupatikana kuliko mlima.

Pwani na mlimani

Amani iko katika Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kwenye mwinuko wa mita 900 na ushei. Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902, na eneo lake kubwa leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Wastani wa joto la mwaka ni karibu nyuzijoto 20 au 21. Mjini Tanga, kwenye usawa wa bahari, wastani huwa nyuzijoto 26 au 27. Tofauti ya nyuzijoto 6 hivi, kwa kanuni ya Harrington, ingetosha kuongeza umri wa nafaka zaidi ya maradufu.

Faida hiyo huliwa na unyevu wa hewa. Nafaka iliyo wazi hunywa au hutoa maji mpaka ilingane na hewa inayoizunguka. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 70, mahindi hutulia karibu na asilimia 14. Hewa ikifika asilimia 80, mahindi hufika karibu 16. Ikipita 90, hufika 19 na kuendelea, na hapo kuvu huota bila kizuizi. Amani ina ukungu wa asubuhi na mvua nyingi, masika na vuli, na hata miezi isiyo ya msimu manyunyu hayakosekani. Gunia la katani au kiroba cha nailoni lililowekwa wazi huko hunywa maji wiki baada ya wiki. Tanga nayo si mahali pakavu, kwa kuwa upepo wa bahari huleta unyevu mchana na usiku. Wengi hudhani joto la pwani hukausha nafaka iliyo ghalani. Huikausha inapokuwa juani tu. Ndani ya stoo huipasha joto huku hewa ikiilowesha.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni moja kwa pande zote mbili: nafaka ikaushwe hadi asilimia 12 au chini yake wakati jua lipo, kisha ifungwe isikutane tena na hewa. Vyombo visivyopitisha hewa vinafaa zaidi: pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, dumu lenye mdomo mpana, au mifuko ya PICS. Mfuko huo una tabaka mbili za plastiki nzito ndani ya kiroba cha kawaida, na kila tabaka hufungwa peke yake. Ndani yake wadudu hutumia hewa iliyopo mpaka ikaisha, na unyevu wa nje hauingii. Mpika pombe wa Amani anayenunua mtama mkavu wa Handeni wakati wa mavuno na kuufunga hivyo papo hapo hupata faida zote mbili, ukavu wa bondeni na ubaridi wa mlimani. Hifadhi bora kuliko hiyo ni vigumu kuipata popote katika mkoa.

Safari ya kupanda

Kutoka Muheza kwenda Amani ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu, na sehemu kubwa ni barabara ya kupanda mlima. Gunia lililopakiwa adhuhuri, likakaa juu ya keria ya basi au chini ya turubai jeusi la lori, hufika likiwa na joto hadi katikati. Usiku hewa ya mlimani hushuka ghafla. Nje ya gunia hupoa, ndani hubaki na moto kwa saa nyingi, kwa kuwa nafaka hupitisha joto kwa shida. Unyevu huhama kutoka katikati yenye joto kwenda pembeni penye baridi, na kama kuna plastiki, matone hujikusanya kwenye ukuta wake wa ndani. Nafaka iliyokuwa kavu kwa wastani hujikuta na ukanda uliolowa, na kuvu huanzia hapo.

Dawa yake ni uvumilivu kidogo. Nafaka iliyotoka juani iachwe ipoe kivulini kabla ya kufungwa, na iliyosafiri kwenye joto ifunguliwe siku inayofuata yenye hewa kavu, imwagwe kwenye turubai ndani ya nyumba hadi ipoe yote, ndipo ifungwe upya. Ikifika wakati wa mvua, ni heri gunia libaki limefungwa kuliko kufunguliwa kwenye ukungu.

Mahali pa kuweka

Paa la bati lisilo na dari ndilo adui wa kwanza wa stoo ya pwani. Mchana wa Januari au Februari, hewa iliyo chini yake moja kwa moja huwa moto kupita kiasi, na magunia yaliyopangwa hadi karibu na bati hupokea joto hilo kila siku. Nafaka ya kimea iwekwe chini, upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri, juu ya chaga za mbao ili isiguse sakafu, na iachane na ukuta kwa kiasi cha mkono kupita. Dari ya mbao au hata ya makuti chini ya bati hupunguza joto kwa kiasi kinachohisiwa.

Uchaga juu ya jiko unastahili kutazamwa kwa heshima. Katika milima ya Usambara na kwingineko, mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya moto tangu zamani, na moshi na joto hafifu viliyaweka makavu na kuwafukuza wadudu. Mpango huo unafaa mlimani ambako ukungu ni tatizo kubwa kuliko joto, mradi nafaka ipandishwe ikiwa imekwisha kukauka juani na iwe juu vya kutosha. Kipimo ni mkono: mahali ambapo kiganja hakivumilii kukaa dakika kadhaa ni moto mno kwa mbegu. Moshi una hasara yake. Kimea chenyewe hunyonya harufu yake, na pombe hutoka na ladha ya moshi. Wapo wanaoipenda, asiyeipenda aweke nafaka nzima juu ya jiko na kimea mahali pengine.

Wadudu hupenda joto lile lile

Fukusi hukamilisha kizazi kimoja kwa karibu wiki tano nyuzijoto zikiwa 27. Kwenye nyuzijoto 18 huhitaji karibu miezi mitatu. Hii ndiyo sababu mahindi ambayo Tanga yangeliwa ovyo kabla ya mwaka mpya hupata nafuu yakihifadhiwa Amani, hasa katika miezi ya Juni na Julai. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ni mbaya zaidi kwa mahindi. Wadudu wakiwa wengi hutoa joto lao wenyewe, na gunia huweza kufika nyuzijoto 40 hivi bila jua lolote. Unyevu wa pumzi zao huita kuvu, na kuvu huongeza joto zaidi. Gunia lililo la vuguvugu asubuhi, wakati chumba ni baridi, tayari lina mgonjwa ndani na halifai kusubiri.

Dawa za unga za kuzuia fukusi hupoteza nguvu upesi zaidi kwenye joto na unyevu, hivyo kipimo kinachotosha mlimani hakidumu pwani. Nafaka ya kimea huoteshwa na kusagwa yote, kwa hiyo ni vyema isitiwe dawa kabisa na itegemee mfuko usiopitisha hewa. Vidonge vya fosfini visitumiwe ndani ya nyumba ya kulala kwa hali yoyote, kwa kuwa gesi yake huua watu waliolala.

Kimea baada ya kuota

Punje ikishaoteshwa na kukaushwa, uhai wake haudaiwi tena. Kinachodaiwa ni vimeng'enya. Kimea ni dhaifu kuliko nafaka iliyokitoa. Ganda limefunguka, wanga umelegea, na vijizizi vikavu hunywa maji ya hewani kama sifongo. Mtama huota vyema kwenye nyuzijoto 25 hadi 28, joto ambalo pwani hutoa bila kuombwa, ingawa rundo nene hujipasha na kupita hapo. Ligeuzwe asubuhi, mchana na jioni na linyunyiziwe maji safi. Amani kazi hiyo hiyo huchukua siku moja zaidi au mbili, na haifai kuharakishwa kwa kufunika rundo na plastiki juani, kwa sababu huko ndiko kuchemsha kimea kibichi.

Kimea kikaushwe kwenye hewa inayopita na jua la wastani, joto lisizidi nyuzijoto 50, hadi punje ivunjike kwa meno bila kunata. Vijizizi na vichipukizi vya mtama visuguliwe na kupepetwa kwenye ungo. Sehemu hizo ndizo zenye chembe zinazotoa sianidi, na ndizo zinazovuta unyevu kwa haraka. Kimea kikishapoa kifungwe kwenye ndoo au chupa yenye mfuniko wa kukaza, kikiwa kizima. Kusaga kufanywe siku ya kupika au siku moja kabla. Unga wa kimea uliowekwa wazi mjini Tanga hupoteza harufu yake tamu upesi sana, na nguvu yake hufuata.

Kupima bila maabara

Unyevu hupimwa kwa chumvi. Chupa kavu ya kioo hujazwa nafaka hadi robo, hutiwa vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri motoni na kupozwa, hufungwa na kutikiswa kwa dakika chache, kisha huachwa kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka irudi juani. Ikianguka yote chini, imeshuka chini ya kiwango hicho. Kwa kuwa kimea na mbegu zinahitaji ukavu zaidi, jua la siku moja au mbili baada ya chumvi kuacha kunata ni nyongeza ya busara.

Uhai hupimwa kwa kuhesabu. Punje 100 zichukuliwe kutoka juu, kati na chini ya gunia, zilazwe kwenye kitambaa kilicholowa, zikunjwe na kuwekwa mahali penye joto la kawaida. Baada ya siku tatu hadi tano zilizochipua huhesabiwa. Tisini na kuendelea ni gunia la kimea. Kati ya 75 na 90, kimea kitapatikana lakini punje zilizokufa zitaoza katikati ya zilizo hai na kuleta uchachu, kwa hiyo maji ya kulowekea yabadilishwe mara nyingi zaidi. Chini ya 75 haifai kuoteshwa. Kipimo hiki kifanywe kabla ya kununua kila inapowezekana, na kirudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa nafaka iliyohifadhiwa pwani.

Nguvu ya kimea hupimwa kwa uji. Kikombe cha uji mzito hupozwa hadi karibu nyuzijoto 60, hukorogewa kijiko cha unga wa kimea, na hutunzwa na joto hilo. Kimea chenye nguvu huufanya uji uwe mwepesi kama maji ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Tone la tinktura ya iodini ya duka la dawa likiwekwa kwenye kijiko cha uji huo likageuka buluu nyeusi baada ya saa nzima, wanga bado upo na kimea kimechoka. Kijiko hicho kimwagwe.

Gunia lililokwisha kupata joto

Nafaka iliyokufa kiini kwa joto kavu, isiyo na harufu mbaya wala ukungu, haijapotea. Wanga wake uko pale pale. Hupikwa uji, huachwa upoe hadi karibu nyuzijoto 60, kisha hutiwa kimea kizuri cha nafaka nyingine. Ulezi hufaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa huota kwa uhakika na kimea chake kina nguvu. Wachaga huutegemea katika pombe yao ya mbege. Kimea kilichochoka nacho huweza kuchanganywa na kipya. Kiasi cha kuongeza hujulikana kwa kipimo cha uji.

Nafaka yenye ukungu ni jambo jingine kabisa. Kuvu wanaotoa sumukuvu ya aflatoksini hustawi kwenye nyuzijoto 25 hadi 35 panapokuwa na unyevu, hali ambayo pwani hukaa nayo karibu mwaka mzima. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui zaidi, mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 yalitokea maafa ya namna hiyo Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walikufa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja ya nafaka, na kati ya hizo aina ya B1 isizidi 5. Kuchemsha hakuivunji, wala hamira. Sehemu yake hupita ndani ya pombe, na sehemu hubaki kwenye machicha ambayo kwa kawaida hupewa nguruwe na kuku. Kuosha, kuanika upya au kuchanganya na nafaka safi hakuitoi, na nafaka isiyoonyesha ukungu kwa macho bado huweza kuwa nayo, ndiyo maana ukavu wa tangu mwanzo hauna mbadala. Punje zenye unga wa kijani au kijivu, zilizoshikana mabonge, au zinazonuka uvundo zisipikwe, zisipewe mifugo na zisiuzwe. Zichomwe au zifukiwe mbali na kisima, na chombo kilichozibeba kioshwe na kukaushwa juani kabla ya kupokea nafaka nyingine.